Papasi Wanne wa Kasanda

Mwalimu Esteri alianguka mbele ya darasa la tatu siku ya Jumatatu asubuhi, chaki mkononi, mimba ya miezi saba imemtangulia. Watoto walidhani anatania, maana alikuwa mwalimu wa kutania. Alipokosa kuinuka ndipo wakakimbilia dukani kwa Mwamvua, mke wa mwenye duka, mwanamke mwenye mikono yenye nguvu na mdomo wenye nguvu zaidi. Mwamvua akamkokota mpaka zahanati ya kijiji huku akiyatukana mashimo ya barabarani moja baada ya jingine. Nyuma yao alikuja mama mkwe, Mama Ernesta, kikapu kichwani, akitembea haraka kuliko umri wake.

Zahanati ilikuwa chumba kimoja, benchi moja na mtu mmoja, Mzee Nsengimana, aliyejifunza kudunga sindano kwenye misheni ng'ambo ya mpaka. Alimgusa Esteri paji la uso kwa mgongo wa mkono, kwa sababu kipimajoto kilivunjika tangu Pasaka na barua ya kuomba kingine ilikuwa bado iko njiani kwenda Kasulu mjini, umbali wa maili sita.

"Imeanza lini, mwalimu?"

"Jana mchana. Kichwa kinapasuka, mzee. Mgongo nao. Na miguu, hapa nyuma ya magoti."

"Umetapika?"

"Mara mbili."

Nsengimana akakuna kidevu. "Ungekuwa unakaa nyumba kuukuu ningesema ni homa ya papasi, nikudunge penisilini sasa hivi. Lakini kijiji hiki hata mwaka hakijamaliza. Papasi hapendi udongo mbichi." Akamgeukia mama mkwe. "Mama Kipriani, nikuulize wewe unayefagia. Mna papasi mle ndani? Kuna mzigo wowote uliotoka nyumba ya zamani?"

"La," alisema Mama Ernesta.

"Una hakika? Ninavyo vichupa vitatu tu, na mpaka mwezi wa nane hakuna vingine. Siwezi kudunga kwa kubahatisha. Ukisema wapo, namdunga hapa hapa."

"Nimesema hakuna, mzee."

"Basi ni malaria," alisema Nsengimana, akamhesabia Esteri vidonge vya klorokwini juu ya kipande cha gazeti.

Papasi, kupe wale wanaouma watu usiku, walikuwapo. Walikuwa wanne, ndani ya ufa, pale ukuta unapokutana na sakafu, chini ya kitanda cha Esteri. Na aliyewatia pale ni Mama Ernesta mwenyewe, kwa kidole chake.

*

Msimrukie kwanza, ngojeni nisimulie. Nyumba ya Mama Ernesta ilikuwa Kasanda, upande wa Kibondo, na ilivunjwa mwaka sabini na nne wakati wa Operesheni, watu walipohamishiwa vijijini. Vijana wa mgambo walimwambia atoe vyombo, wao wakapanda juu ya paa. Hakutoa vyombo. Alichukua pembe ya ng'ombe, akapiga magoti kando ya kitanda alichozalia watoto wake, akachokonoa ufa kwa kijiti. Papasi waliotoka aliwatia ndani ya pembe pamoja na vumbi la mle ndani, akaziba kwa kitambaa. Kijana mmoja alimcheka kutoka juu, "Bibi, unafukua hela?" Chungu chake kikubwa kilivunjikia ndani siku ile, na vinu viwili. Pembe ilitoka salama.

Katika ukoo wake bibi harusi alipoletwa, mama mkwe ndiye aliyemtandikia, na alimtandikia karibu na ufa. Papasi wa nyumba wamwume, augue kidogo, apone, awe wa nyumbani. Asiyeumwa na wa kwake ataumwa na wa watu siku akilala ugenini, na hao humwua. Ndivyo walivyojua. Mambo hayo waliambiana wanawake kwa wanawake. Kipriani, mwanawe wa mwisho na mume wa Esteri, alikulia ndani ya nyumba ile na hakuwahi kuyasikia.

Na Esteri alikuwa mgeni hasa. Mzaliwa wa Upare, mlimani kwenye baridi, serikali imemleta Kasulu kufundisha, na serikali hiyo hiyo ilikuwa ikimtuma mara Kitanga, mara Kakonko, semina, kisomo cha watu wazima, akilala popote penye mkeka. Mama Ernesta alipokuja kukaa kwa mwanawe na kuyaona hayo, alikosa usingizi. Alimpenda mkamwana wake, tena sana. Kwa hiyo alifungua ile pembe, akahesabu wanne. Wanne tu, ili homa iwe ndogo. Waliobaki akawafungia tena.

Kwa nini basi alisema la? Kwa sababu kijiji kile kilikuwa cha mfano, na bwana afya alikuwa amesimama mkutanoni mbele ya kila mtu akatangaza kwamba nyumba itakayokutwa na papasi itabomolewa na kuchomwa, watu wasije wakaaibika mbele ya wageni wa mkoani. Mama Ernesta alikuwa ameshaona nyumba moja ikishuka. Ya pili hakuwa na moyo wa kuiona. Halafu, alijiambia, homa yenyewe anaijua. Itamwacha Alhamisi.

Alimuuguza, jamani, asidanganye mtu. Alimkanda kwa maji ya vuguvugu, akampikia uji mwepesi wa ulezi, akampepea kwa upande wa kitenge mpaka mkono ukafa ganzi.

"Pole, mwana wanje," alimwita, yaani mwanangu. "Vumilia. Alhamisi itakuacha."

Alhamisi mchana Esteri alitoka jasho mpaka godoro likalowa, homa ikashuka, akaomba ndizi.

"Mama, ulijuaje ni Alhamisi?"

"Uzee huo," alisema Mama Ernesta, akaenda kumenya ndizi. Huko jikoni alikaa chini akacheka peke yake kwa furaha, kisha akafanya ishara ya msalaba.

*

Kipriani alirudi Ijumaa. Alikuwa safarini Kibondo na Dokta Hilali, wakizunguka kwenye magofu ya nyumba zilizovunjwa kukusanya papasi. Ndiyo, papasi. Kazi yake ilikuwa hiyo. Dokta Hilali, mtu wa Pangani aliyesoma Ulaya, alikuwa na kituo kidogo cha utafiti nje ya mji wa Kasulu: vyumba viwili, sungura kumi, na mamia ya papasi ndani ya vyupa vya kioo. Kipriani aliajiriwa kuosha vyupa. Baadaye Dokta akagundua kwamba mkono wake hautetemeki, akamfundisha kumpasua papasi na kuutoa ubongo wake mzima. Kijijini walimwita Daktari wa Wadudu. Hawakumwita hivyo kwa heshima.

Papasi ana ubongo mmoja tu, donge dogo kuliko punje ya mtama, na koo lake limepita katikati ya donge hilo. Damu anayokunywa hupita ndani ya ubongo kwanza ndipo ifike tumboni. Dokta hakuchoka kulishangaa jambo hilo. Lakini alichokuwa akikitafuta hasa ni seli fulani chache za mishipa ya fahamu humo ndani. Ukizitia rangi, kwa papasi mwenye njaa zinaonekana zambarau tupu, zimejaa. Zimeshika majimaji yao, zinangoja. Papasi anaweza kukaa miaka mitano bila kula na zenyewe zinangoja naye. Siku akipata damu zinamwaga, na yale majimaji ndiyo yanayoupasha mwili habari kwamba chakula kimepatikana, kazi ya mayai ianze. Ukimpasua baada ya hapo unazikuta nyeupe. Kipriani alikuwa amezikata na kuzitia rangi mara nyingi hata akawa anaziona akifumba macho.

Alipomkuta mkewe amekonda hivyo alishtuka. "Homa gani hii?"

"Malaria, amesema Mzee Nsengimana. Imekwisha, usiwe na wasiwasi. Mama yako amenilea kama mtoto."

Hata hivyo Jumamosi alimchoma kidole, akapaka tone la damu kwenye kioo, akaenda nalo kituoni wakati Dokta amekwenda sokoni. Dokta hakupenda hadubini ya serikali itumike kwa mambo ya nyumbani. Aliwahi kumfokea kwa hilo mbele ya mlinzi, akamwambia kituo si zahanati ya ukoo wake. Kwa hiyo Kipriani alifanya haraka, kama mwizi. Alitafuta wale vijidudu wa homa ya papasi, wembamba, waliojipinda, akapitia kioo chote. Hakuona hata mmoja.

Hakuweza kuona. Vijidudu hao hujaa kwenye damu homa ikiwa juu, ikishuka huwapati. Dokta angemwambia hilo kwa neno moja, lakini Kipriani hakumuuliza.

Jioni alikaa jikoni na mama yake.

"Nimeitazama damu ya Esteri, mama. Haina homa ya papasi."

Mama Ernesta alikuwa anapepeta. Ungo ukasimama. "Hicho kioo chako kinaona kila kitu?"

"Kila kitu."

"Hata kilichojificha?"

"Ndiyo kazi yake, mama."

Akapepeta tena, polepole. "Na wewe unatafuta nini kichwani mwa papasi siku zote hizo?"

Kipriani akamweleza. Juu ya njaa, miaka mitano, zile seli zinazongoja. Mama Ernesta alisikiliza mpaka mwisho.

"Sisi tulilijua hilo," alisema. "Ukihama nyumba miaka mitano ukarudi, wanakupokea. Hatukuwapasua kichwa kulijua." Wakacheka wote wawili. Neno lilikuwa limemfika mdomoni wakati ule, angelisema, hakika angelisema. Lakini kioo kinachoona kila kitu kilikuwa kimeshasema hakuna, na nani yeye abishane nacho? Akalimeza.

*

Alhamisi iliyofuata homa ilirudi, na safari hii ilikuja na uchungu wa uzazi.

Walimfikisha zahanati amelazwa kwenye kitanda cha kamba, wanaume wanne wamekibeba, Kipriani mmoja wao. Mtoto alizaliwa kabla jua halijawa kali. Alikuwa wa kike. Hakulia. Mwamvua alimpiga kofi mgongoni, akampulizia mdomoni, akamgeuza kichwa chini miguu juu, huku akiita, "Yarabi, Yarabi, lia basi we mtoto, lia hata kidogo!" Mwishowe akamfunga kwenye kanga yake mwenyewe, mpya, akamweka kando.

Esteri alikuwa amegeuza uso ukutani. "Mbona simsikii?" aliuliza. Akauliza tena, na tena, mpaka akanyamaza mwenyewe.

Nsengimana alimgusa paji la uso, macho yakamtoka. "Homa iliyoondoka ikarudi baada ya wiki. Papasi hii! Kijiji kipya, kijiji cha zamani, hii ni papasi!" Alivunja kichupa cha penisilini, akamdunga. "Siku kumi, Mama Kipriani. Siku kumi zilizopita sindano hii ingemtosha yeye na mtoto. Nilikuuliza, hukumbuki?"

Mama Ernesta alikuwa amesimama mlangoni.

Kesho yake mchana Mwamvua alikwenda nyumbani kwa Esteri kuandaa chumba cha mgonjwa. Aliposogeza kitanda na kukwangua ufa kwa ncha ya ufagio, wakaanguka papasi wanne, wamevimba, na nyuma yao rundo la mayai ya kahawia yanayong'aa. Sauti aliyoitoa ilisikika mpaka shuleni.

"Watu njooni muone! Daktari wa Wadudu katuletea wadudu! Kamwulia mwanawe!"

Wakaja. Walisimama uani wakamtazama Kipriani akitokea njiani na jembe la kuchimbia kaburi begani, na hakuna aliyempa pole. Aliingia, akachutama, akawatazama papasi. Kisha akamwaga njiti za kibiriti chini, akawatia wale wanne ndani pamoja na mayai yao. Nadhani hakujua kitu kingine cha kufanya na papasi.

*

Walimzika mtoto Jumamosi. Jumatatu Kipriani alikuwa kazini. Hakumwambia Dokta lolote. Aliwapasua papasi wawili kati ya wale wanne, akaziloweka bongo zao kwenye dawa, akazitia kwenye nta, akazikata vipande vyembamba, akazitia rangi. Kazi hiyo ni ya siku tatu. Alhamisi asubuhi aliweka vioo juu ya meza ya Dokta, akasimama kando.

Dokta Hilali aliinamia hadubini. Halafu akapiga meza kwa kiganja.

"Kipriani! Njoo, njoo uone! Zimemwaga zote! Hakuna hata chembe ya zambarau. Na huyu wa pili nusu nusu, tazama, tunaona mpaka katikati ya kazi. Miaka miwili sungura hawajatupa kitu kama hiki!" Alikuwa anacheka kama mtu aliyepata mtoto. "Umewapata wapi hawa? Wamekula nini?"

"Mke wangu, Dokta."

Dokta akainua kichwa. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Na mtoto?"

"Tumemzika Jumamosi."

"Pole. Pole sana." Alitazama vioo, akatazama rafu za vyupa ukutani. Uso ukabadilika. "Ndugu Kipriani," alisema, na tangu waanze kufanya kazi pamoja alikuwa hajamwita Ndugu hata siku moja, "hawa wametoka hapa?"

"Hapana, Dokta. Mimi nguo zangu nakung'utia hapa hapa mlangoni."

"Tutahesabu."

Wakahesabu, Dokta na daftari, mlinzi na vyupa. Saba hawakuonekana. Walikuwa wamekufa wakati wa safari ya Kibondo, na katika haraka ya kurudi hakuna aliyeandika. Kipriani alisema hivyo. Dokta akajibu kwamba daftari halisemi hivyo.

Mchana ule ule walikwenda kijijini kwa gari la kituo, wakampitia bwana afya njiani. Uani walisimama watu wengi, na baadhi ya wanafunzi wa Esteri walikuwa wamepanda juu ya ua ili waone vizuri. Bwana afya akamwamuru Kipriani avue viatu. Akavua. Soksi moja ilikuwa imetoboka kidoleni, mtoto mmoja akacheka. Akaamriwa kugeuza mifuko ya suruali, kisha ya koti, kisha kuvua koti lenyewe na kulikung'uta mbele ya watu. Esteri alikuwa amekaa mkekani mlangoni, mgongo kwenye nguzo, akiyaona yote.

"Kituo hakiwezi kubeba aibu hii," alisema Dokta Hilali, na kwa kweli hakufurahi kulisema. "Umesimamishwa kazi kuanzia leo, mpaka uchunguzi—"

"Mwacheni mwanangu."

Mama Ernesta alitoka jikoni na ile pembe. Alitembea mpaka mbele ya Dokta, akamwekea mkononi, Dokta akaipokea bila kufikiri.

"Ni wangu. Nimetoka nao Kasanda. Wanne niliwatoa mimi, nikawatia mimi. Yeye hajui kitu."

Mwamvua akajiziba mdomo. Kipriani alikuwa bado na viatu mkononi.

"Mama," alisema, "Mzee Nsengimana alikuuliza."

"Aliniuliza."

"Alikwambia dawa anayo."

"Aliniambia."

"Ukasema nini?"

"Nikasema la."

Kipriani alivaa viatu vyake, akavifunga kamba polepole, kimoja kimoja, akatoka uani. Bwana afya akaandika kwenye karatasi kwamba nyumba ibomolewe Jumapili baada ya misa. Dokta Hilali naye alikuwa ameshafungua kitambaa cha ile pembe kidogo, anachungulia ndani.

"Wamekaa humu muda gani bila kula?" aliuliza kwa sauti ya chini, kisha akaona haya mwenyewe.

*

Jumamosi Esteri na mama mkwe walibaki peke yao. Kulikuwa na vyombo vya kufunga. Walifunga muda mrefu, sahani ndani ya matambara, nguo ndani ya shuka.

"Mama," Esteri alisema, "wewe umezaa wangapi?"

"Wanne."

"Wote ni hao?"

"Waliobaki ni wanne."

"Na wasiobaki?"

Mama Ernesta alikunja kitenge, akakikunjua, akakikunja tena. "Mmoja. Wa kwanza. Nililetwa kwenye nyumba ile nikiwa tayari nina mimba, na papasi wake walikuwa mamia. Homa ikanijia na kurudi, akatoka wa miezi saba, kama wako. Baada ya huyo sikuugua tena. Wengine niliwazaa wazima, wakinyonya huku papasi wanatuuma sote." Machozi yalianza kumtoka. "Nilisema nitie wanne tu. Kwangu walikuwa mamia, ndiyo maana alikufa. Nikasema wanne, homa itakuwa ndogo, mtoto hataguswa. Nilikosea, Esteri. Nilikosea, mwana wanje."

Esteri alimtazama. Alitaka kumpiga, alisema hivyo baadaye yeye mwenyewe, kwamba mkono ulikuwa umeshanyanyuka. Lakini alimwona jinsi alivyokaa, kitenge kimekunjwa mapajani kama mtoto, akaushusha.

"Usiniite mwana wako," alisema. "Leo usiniite."

"Ego," alisema Mama Ernesta. Ndiyo.

"Na sasa mimi nimekuwa wa nyumbani?"

Mama mkwe akavuta sahani nyingine. Wakaendelea kufunga.

Jumapili nyumba ilishushwa. Mabati waliyachukua watu wa kamati, boriti zikachomwa na ukuta ukasukumwa ndani. Mama Ernesta aliketi juu ya mzigo, uso ameupa barabara ya Kibondo, hakugeuka hata mara moja. Jumatatu akaondoka kwa lori la pamba kwenda kwa binti yake Kakonko. Kipriani alimbebea mzigo mpaka kwenye lori. Hakumwambia kwaheri, ila alimwekea gunia la kukalia.

*

Walihamia chumba cha nyuma cha duka la Mwamvua. Mwamvua hakuwadai kodi mwezi wa kwanza. Ulimi wake ulikuwa umemfanyia mtu ubaya naye alijua. Dokta Hilali alimrudisha Kipriani kazini bila barua, kwa kumtuma mlinzi aje amwambie mikono inahitajika. Wale papasi wa kwenye ile pembe aliwatia kwenye chupa ya peke yao, karatasi imebandikwa juu: KASANDA. Alikuwa na furaha nao ambayo alijitahidi kuificha.

Esteri alirudi kufundisha. Hakutania tena darasani. Mwezi wa saba alipata barua: akafundishe kisomo Kitanga, miezi mitatu, malazi yatatolewa na wananchi. Aliipeleka kwa Mzee Nsengimana kabla ya kumwonyesha mumewe.

"Mzee, homa ile inaweza kunirudia?"

"Mwili wako umeijua sasa. Kwa muda. Mwaka, labda miwili. Ukikaa bila kuumwa na papasi, mwili unasahau, unakuwa mgeni upya."

"Na nikiwa na mimba wakati huo?"

Nsengimana alifungua kabati, akamwonyesha rafu. Ilikuwa tupu. "Kile nilichokudunga na viwili vilivyobaki vimekwisha. Walisema mwezi wa nane, sasa wanasema wa kumi. Nikudanganye nini, mwalimu?"

Alirudi nyumbani. Alimkuta Kipriani anakula, akaketi mbele yake, akaweka barua mezani na mkono juu yake.

"Wewe unajua yote ya papasi," alisema. "Niambie kweli. Mama yako hakuugua tena baada ya wa kwanza. Ni kwa sababu hawakuacha kumuuma?"

Kipriani aliacha kutafuna. "Ndiyo. Nadhani ndiyo."

"Hukudhani siku ile ya kioo. Ulisema una hakika."

"Esteri..."

"Sikulaumu. Nimechoka kulaumu, nimelaumu kila mtu mpaka Mungu. Nataka mtoto, Kipriani. Nataka mtoto wa kulia. Serikali itanilaza Kitanga, kisha itanilaza kwingine, na kabati la Nsengimana nimeliona kwa macho yangu." Akaisukuma barua kwake. "Niletee wanne. Wale wa Kasanda. Nataka wa nyumbani."

Kipriani alimtazama mkewe, mwalimu, aliyewafundisha watoto wa watu kunawa mikono na kufagia chini ya vitanda. Angeweza kumwambia kwamba ni hatari. Angeweza kumwambia kwamba mwaka mmoja mbele mambo yatakuwa mazuri, dawa zitakuja. Lakini hakuwa na cha kuweka mahali pa hicho alichoombwa.

Kesho yake Dokta Hilali alipokwenda kunywa chai, Kipriani alifungua chupa ya Kasanda kwa mikono yake isiyotetemeka. Aliwatoa wanne kwa koleo, mmoja mmoja, bapa, rangi ya vumbi, wenye njaa, akawatia kwenye kibiriti na kibiriti mfukoni. Kisha akafungua daftari, akaandika tarehe, na mbele yake akaandika: Wanne wamekufa.